Pongezi kwa Wafukuaji wa Arabia ya Kusini

Kwa karne nyingi falme za Saba, Qataban na Hadhramaut zilibaki majina tu vitabuni. Waliozitoa mchangani ni wanaakiolojia, nao wanastahili pongezi.

Majira ya baridi ya 1937 hadi 1938, Gertrude Caton Thompson na wenzake walifukua hekalu la mungu Sin huko Hureidha, Hadhramaut. Mwaka 1950 msafara wa Wendell Phillips ulianza kuchimba Timna, mji mkuu wa Qataban, ukaibua simba wawili wa shaba waliopandwa na watoto.

Kazi yao ni subira: kufagia vumbi kwa brashi, kusoma kila tabaka la udongo, kunakili maandishi ya mawe. Kwa subira hiyo tumewajua watu waliojenga bwawa la Marib huko Saba, wakastawisha mashamba ukingoni mwa jangwa na kuuza ubani hadi Mediterania.

Kwetu pwani, ambako ubani bado hufukizwa na koo nyingi zina asili ya Hadhramaut, historia hii ni ya jirani. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Marib katika Urithi wa Dunia, na papo hapo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Tuwashukuru wafukuaji kwa kuyalinda waliyoyafukua.