Ukingo wa Nguo

Nguo huanza kuharibika pembeni. Kitambaa ni nyuzi za urefu, yaani mtande, zilizopishana na nyuzi za upana, yaani mshindio, na mkasi ukishapita nyuzi hizo hukosa cha kuzishika zikafumuka. Ndiyo maana mapambo ya ukingoni yanayouzwa Kariakoo, kuanzia lesi na riboni hadi matamvua ya mapazia, hayana kazi ya urembo tu, bali na ya ulinzi pia. Matamvua ya kikoi ni ushahidi tosha, kwani ni ncha za mtande wenyewe, zilizoachwa bila kufumwa, kisha zikasokotwa na kufungwa mafundo ili mshindio usichomoke.

Ustadi wa fundi cherehani wa Mtaa wa Uhuru, ulioitwa zamani Kichwele, hupimwa shingoni mwa gauni. Utepe uliokatwa kwa kufuata mtande haukubali kupinda, hivyo hujikunja, ilhali uliokatwa kwa hanamu, yaani mshazari wa digrii 45, hunyumbuka ukaifuata shingo na kulala kimya. Wanaosifu gauni hutaja rangi na lesi, utepe huo hawautaji kamwe, na hiyo ni dhuluma ndogo.

Kanga huja na pambo lake tayari, kwa kuwa pindo, ule mpaka unaozunguka pande zote nne, huchapwa pamoja na mji, yaani sehemu ya katikati, na mnunuzi wa doti hubakiwa na kazi ya kukatisha vipande viwili na kupindisha kingo. Fundi anayeshona gauni la kanga hulihamisha pindo hadi mikononi au chini ya sketi, na hapo hesabu huwa kali, maana jina, yaani maneno yaliyochapwa, likikatwa vibaya mwenye gauni atatembea na nusu ya ujumbe.

Kitenge hakina pindo la namna hiyo, hivyo ndicho kinachoomba lesi, na ndicho kinachoonewa zaidi: gauni lililorundikiwa lesi, shanga na mawe ya kumetameta kwa pamoja halina ukingo tena, kwani jicho halijui nguo inaishia wapi. Tena kitenge cha pamba hurudi kikifuliwa, ilhali lesi ya poliesta hairudi, na mshono unaoviunganisha hukunjamana. Fundi makini huloweka kitenge na kukianika kabla ya kukipima, hata wiki ya Idi, mteja akiwa amesimama mlangoni anauliza gauni lake.