Sauti ya Bibi Vera Hall

Kuna ufundi wa muziki ambao wazee wetu hawakuujua. Mtu achukua sahani ya zamani, akata kipande kidogo cha sauti, akitia katika mashini kipate kurudiarudia, kisha akizungushia ngoma na vinanda vyake. Kati ya mafundi wa kazi hiyo, Moby wa Marekani ajulikana sana. Amekusanya kazi ya maisha yake mwaka 2006 katika sahani «Go: The Very Best of Moby», na mwaka 2021 katika «Reprise», ambamo nyimbo zile zilipigwa upya na okestra pamoja na waimbaji wageni. Twataka kuzipima sahani hizi mbili kwa wimbo mmoja ulio katika zote: «Natural Blues».

Wimbo huo ulitoka kwanza katika sahani «Play», mwaka 1999. Sauti isikikayo humo si ya Moby. Ni ya Bibi Vera Hall, mwanamke mweusi wa Livingston, katika jimbo la Alabama, aliyezaliwa mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kufua nguo na kupika chakula katika nyumba za watu. Nyimbo za dini alifundishwa na mama yake. John Lomax, na baadaye mwanawe Alan, wakusanyaji wa nyimbo za watu, walikwenda kwake na mashini ya kunasa sauti. Akaimba pasipo kinanda wala ngoma, juu ya taabu iliyo siri ya moyo wake na Mungu. Sahani «Play» ilipotoka, Bibi Vera alikuwa amekufa miaka 35.

Twasema kweli: Moby ana sikio jema. Hakuifunika sauti ya mama huyo kwa kelele. Aliiachia nafasi, akaweka vinanda chini yake kama mtu atandikaye mkeka kwa mgeni. Vijana wengi wasingaliisikia kamwe pasipo yeye. Lakini «Play» iliuzwa kwa mamilioni, na kila wimbo wake uliruhusiwa kutumika katika filamu au matangazo ya biashara. Sala ya mfuaji nguo ikaingia sokoni. Hapo moyo wetu wasita.

Katika sahani ya 2021 sauti ya Bibi Vera haimo. Wimbo waimbwa na Gregory Porter na Amythyst Kiah, waimbaji hodari. Hata hivyo twaona kitu kimepungua. Hao waimba kama watu wasimamao mbele ya ukumbi mkubwa, na okestra yatuonyesha lini tuhuzunike. Bibi Vera aliimba kama mtu asemaye na nafsi yake, mikono ikiwa kazini. Hakutuomba machozi, nasi twampa. Basi sahani ya pili imefunua siri ya ile ya kwanza: nguvu ya wimbo haikutoka katika mashini.

Tena tazameni jambo hili. Majina ya wageni wa 2021 yameandikwa kando ya jina la wimbo. Bibi Vera, aliyeubeba wimbo tangu mwanzo, hakuandikwa hivyo. Jina lake lapaswa kutafutwa katika herufi ndogo za watunzi. Wahenga walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Yeye aliimba kwao, na tuzo kubwa ikaenda mbali.

Hatuwakatazi watu kuisikiliza kazi ya Moby, ni nzuri. Twawaomba tu, baada yake, waitafute sauti ya Bibi Vera peke yake. Nasi katika kwaya zetu, tukichukua wimbo wa mama mzee wa kijijini na kuutia vinanda, tusione haya kulitaja jina lake kabla ya kuanza kuimba.