Olson alisema nusu ya kweli

Mwaka wa tatu wa iniversite walitufundisha kitabu cha Mancur Olson, mwanauchumi wa Marekani: «The Logic of Collective Action», cha 1965. Niliandika hivi katika kaye yangu: hata kama watu wengi wako na shida moja, hawaungani hivi hivi tu, juu kila mutu anangojea mwenzake atoke jasho. Kikundi kidogo, kile kila memba anaona faida yake, ndicho kinasimama haraka.

Nilikipenda sana. Kilinipatia udhuru.

Hapa kwetu Rugenge, wamama wa avenyi walianza kuchangisha, waandike barua na kufuata biro kwa biro, bomba ya maji ifike karibu. Sikutoa hata franka moja. Nilijisemea: wakifaulu nitachota, wasipofaulu sikupoteza kitu. Bomba ilifika. Ninachota. Olson angenipa ishirini juu ya ishirini.

Na kweli anaeleza mengi. FEC, chama cha wenye makampuni, iko na memba wanaolipa na biro ya kudumu. Ikitaka kuongea na serikali juu ya kodi, iko na watu wa kutuma. Wauza ndagala na wabeba bidon ni wengi kuwapita, lakini nani anawasemea? Shida ya wote haina mwenyewe.

Ila kuna pahali hesabu yake haitoki. 2012, vijana wa Goma walianzisha Lucha, wakidai mambo kama maji na kazi. Mwezi wa pili 2016, sita kati yao walikamatwa wakitayarisha «ville morte» ya kudai katiba iheshimiwe, wakafungwa karibu miezi sita. Faida ingekuwa ya kila Mukongomani, hata yule alilala kwake. Olson anasema watu wa namna hiyo tuwaachie elimu ya saikolojia. Kwangu mimi, huko ni kukimbia swali. Wamama wa kwetu wanajua hesabu: walihesabu kolera ndani ya nyumba, na binti anayeamka saa kumi za usiku kwenda ziwani.

Wiki iliyopita bomba iliharibika, wanachangisha tena. Mama mumoja alipita mlangoni kwangu, akanisalimia vizuri, akaendelea. Hakuniomba kitu. Ile iliniuma kuliko matusi. Nilimufuata na franka mkononi.

Na kwenu, nani anachanga, nani anachota tu?