Udongo Ulaya: Kumsoma Hassan Fathy kutoka Kalenga

Wazee wetu waliiita saruji "udongo Ulaya". Siku hizi tunasema simenti, basi, na jina lile limebaki kwenye kamusi. Mimi nalipenda kwa sababu ndani yake kuna uhakiki mzima: huu nao ni udongo, ila una kwao, na kwao ni mbali.

Nyerere aliliona hilo. Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliwalalamikia watu wasioweza kufikiria nyumba bila saruji na bati. Ukipita leo Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, jibu la wananchi unaliona kwa macho: tofali za kuchoma juu yake bati. Tembe ya Wahehe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa, imekuwa ya kusimuliwa. Na hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, iliyotekwa na Wajerumani Oktoba 30, 1894. Wageni wanakuja kuliona fuvu lake, lililorudishwa mwaka 1954. Kuhusu namna watu wake walivyojenga, hawaulizi sana.

Ndiyo maana nasema kitabu cha Hassan Fathy, Architecture for the Poor, kinatuhusu. Kilitoka kwanza Cairo mwaka 1969 kwa jina jingine, kisha Chicago mwaka 1973. Kinasimulia kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, ambacho mbunifu huyu wa Misri alianza kukijenga katikati ya miaka ya 1940 kwa tofali mbichi za udongo. Mafundi wa Kinubi walimwonyesha namna ya kuezeka kuba bila mbao. Nyumba zikapendeza, lakini wenyewe waliokusudiwa kuhamia, wengi wao wakagoma. Maisha yao yalitegemea makaburi ya kale waliyokuwa wakiishi juu yake.

Uzuri wa kitabu ni kwamba Fathy hafichi kushindwa huko. Anaandika kama msimulizi hasa: kuna mafundi, kuna gharama, kuna ugomvi na ofisi za serikali. Udhaifu wake ni kwamba lawama nyingi anawatupia warasimu, huku wanakijiji wakizungumziwa zaidi kuliko wanavyozungumza. Yaani maskini wa kwenye jina la kitabu ndiye tunayemsikia kwa mbali.

Sasa mlinganishe na Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, mwaka 2022. Shule yake ya Gando, ya mwaka 2001, ina kuta za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na bati lililoinuliwa juu ya dari ili joto litoke. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga. Bati hakulikataa, alilipa kazi nyingine.

Lakini tusinakili tu. Gando wanapambana na joto. Iringa, usiku wa Juni, unatafuta blanketi. Hapa ukuta mnene na paa zito la tembe vilikuwa na akili yake: vinatunza joto la mchana. Studio itakayokuja nyanda za juu na michoro ya Gando itakuwa imeleta udongo Ulaya wa aina nyingine.

Na tusiitukuze tembe kupita kiasi. Mvua ikipita lazima ukandike upya, na mchwa hana huruma. Vipeperushi vya "ujenzi endelevu" huwa havisemi nani atakandika. Kwa upande mwingine, tofali za kuchoma zinakula kuni, na kuni ni miti. Ndiyo maana tofali za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezipigia debe, zinanivutia: udongo wa hapahapa, saruji kiasi, unashindilia kwenye mashine, huchomi.

Jina la wakala huo lina neno gumu kuliko yote: "bora". Bora kwa nani? Fathy aliamua mwenyewe, na wengi wa waliokusudiwa wakakikataa kijiji. Msomeni kwa sababu hiyo. Halafu studio yoyote ikija kijijini kwenu na picha nzuri za kuta za udongo, waulizeni mapema: ukuta ukipata ufa, fundi wa hapa ataweza kuuziba, na kwa bei gani?