Pampu ya Maji Haifi Bure

Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, pampu ya maji imeshikwa na bolti tatu na nati mbili tu. Fundi mzoefu anaweza kuitoa huku anapiga soga. Injini hii ya cc 1,497 imo kwenye IST, Raum, Probox na Fielder nyingi zinazokimbizana barabarani kuanzia Mbagala mpaka Thika, kwa hiyo kubadilisha pampu yake ni kazi iliyozoeleka, gereji na hata majumbani. Ninayoyachambua hapa yalifanyika uani kwa jirani yangu Tabata, Dar es Salaam, kwenye IST yake. Kutoa pampu na kufunga nyingine ilikuwa sehemu nyepesi ya siku ile. Kazi yenyewe ilikuwa kujua pampu imeuawa na nini, maana asiyejua hilo anafunga pampu mpya ili nayo iuawe.

Dalili zilikuwa za kawaida. Maji ya rejeta yalipungua kila wiki lakini chini ya gari hapakuwa na dimbwi. Kwenye foleni ya Buguruni gari lilichemsha, likitembea linapoa. Asubuhi, ukiwasha tu, mkanda ulipiga yowe kisha ukanyamaza. IST ya toleo la kwanza haina mshale wa joto. Ina taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Katikati hapo dereva hana habari yoyote, na nyekundu inapowaka tayari umechelewa.

Kwa nini hapakuwa na dimbwi? Pampu ya maji ina shafti inayopita katikati ya beringi, na kati ya beringi na mapanga yanayosukuma maji kuna sili inayozuia maji yasitoke. Watengenezaji wanajua sili itachoka siku moja, ndiyo maana wameacha tundu dogo kwenye mwili wa pampu, kati ya sili na beringi. Sili ikivuja, maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Yakiwa machache yanakaukia palepale kwa joto la injini, na kinachobaki ni michirizi mikavu: ya waridi kama gari lina kulanti ya Toyota, ya kutu kama lina maji matupu. Ukimulika tochi kando ya puli unaiona. Ya jirani ilikuwa ya kutu. Tulipozima injini na kuitikisa puli kwa mkono, ilicheza. Puli ya pampu nzima haichezi hata kidogo.

Hapo tungeweza kwenda madukani Gerezani kununua pampu. Lakini kabla ya kushika spana tuliuliza gari limefanyiwa nini mwaka uliopita, na majibu yakaanza kupangika. Mkanda ulianza kulia zamani. Fundi mmoja aliukaza, ukanyamaza, ukalia tena, ukakazwa tena. Baadaye gari likaanza kuchemsha. Fundi mwingine akatoa themostati, akasema nchi ya joto haihitaji kifaa hicho.

Themostati inastahili kusemewa kidogo, kwa kuwa imetupwa mitaroni bila hatia. Kazi yake ni kufunga njia ya kwenda rejeta mpaka injini ipate joto. Ya 1NZ inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inaendelea kumimina petroli kama ya injini baridi, na oili inabaki nzito kuliko inavyotakiwa. Gari linaweza kweli kuacha kuchemsha kwa muda. Kwa hiyo mwenye gari anaamini ametibiwa, kumbe pampu dhaifu imepunguziwa tu kazi, na ugonjwa unaendelea bila kuonekana. Joto la Dar es Salaam halibadilishi hesabu hiyo: hewa ya nyuzi 33 bado ni baridi sana mbele ya injini inayotaka kufanya kazi ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80.

Tulianza injini ikiwa imelala usiku mzima. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu ndani maji yana presha na yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inatoka na yanageuka mvuke usoni kwako. Waya hasi wa betri ulitolewa kwanza, maana nyuma ya oltaneta kuna waya mnene wenye umeme wa betri muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Gurudumu la mbele kulia likatolewa, gari likakaa juu ya stendi ya chuma. Matofali yana matumizi mengi, lakini kulala chini ya gari lililoegemea matofali si mojawapo.

Kuna jambo moja la mpangilio ambalo wengi hulikosa. Bolti tatu za puli ya pampu zilegezwe mkanda ukiwa bado umekaza. Mkanda ndio unaoishika puli isizunguke. Ukitoa mkanda kwanza, puli inakuzungukia na unaishia kuichomekea bisibisi, jambo linalopinda puli na kuchubua mikono. Baada ya hapo mkanda ulipigwa picha jinsi unavyopita, oltaneta ikalegezwa, ikashushwa, na pampu ikaonekana wazi.

Pampu iliyokufa tuliiweka juu ya gazeti tukaisoma. Mapanga yake ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu ncha zote. Shafti ilicheza upande mmoja zaidi, ule unaovutwa na mkanda. Ushahidi huo ulitosha kueleza mambo yalivyofuatana. Mkanda uliisha mifereji yake, ukaanza kuteleza na kulia. Badala ya kubadilishwa ukakazwa kupita kiasi, na mvuto huo wote ukabebwa na beringi ya pampu. Beringi ilipolegea, shafti ikaanza kuyumba na kuichakaza sili, na maji ya kisima yenye chumvi yakamalizia. Maji yakapungua, gari likachemsha, themostati ikatolewa. Pampu ilikuwa mwisho wa msururu ulioanza na mkanda wa bei ndogo.

Mikanda ya siku hizi inawachanganya hata mafundi wazuri. Zamani mpira wake ulipasuka, na kila mtu alijifunza kutafuta nyufa. Mikanda mingi ya sasa inatengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao hauna tabia ya kupasuka mapema. Unaisha taratibu kwenye mifereji kama tairi inavyoisha kashata. Mkanda unaweza kuonekana mzima kabisa huku mifereji yake imekuwa mipana kiasi kwamba unakalia chini ya puli badala ya kubana pembeni. Ukilia, mwagie maji kidogo upande wenye mifereji. Sauti ikipotea kwa muda kisha ikarudi, puli mojawapo haiko sawa na wenzake. Ikizidi, mkanda unateleza kwa kulegea au kuisha. Kuupaka sabuni ya mche, dawa maarufu ya madereva wa teksi, kunanyamazisha mlalamikaji na kuacha kesi ilivyo.

Namba za mkanda zisomwe kabla ya kwenda dukani. Mkanda ulioandikwa 4PK1220 una mifereji minne na urefu wa milimita 1,220. Wenye mifereji mitano hautakaa vizuri kwenye puli za minne, hata muuza duka akikuapia. Kwenye pampu nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha kimo cha shafti, idadi na kina cha mapanga, na sehemu inayokaa gasketi. Pampu feki mara nyingi hujitambulisha kwenye mapanga: mafupi, yamepinda kwa uvivu, na yanaacha nafasi kubwa kati yao na bloku, kwa hiyo yanazungusha maji bila kuyasukuma. Aisin ni miongoni mwa wanaoitengenezea Toyota pampu zake, lakini jina lililochapwa kwenye boksi halithibitishi kilichomo. Pampu ya mtumba sinunui kabisa. Huwezi kujua sili yake imebakiza nini, na kazi ya kuifikia ni ileile.

Uso wa bloku ni wa aluminiamu, laini. Tuliusafisha kwa kipande cha plastiki na kitambaa, si kwa bisibisi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kutoka ndani kwenda nje ni njia ya maji. Gasketi mpya iliwekwa kavu. Gundi ya silikoni inayopakwa juu ya gasketi kwa ajili ya «usalama» hubanwa ikaingia ndani, inakatika vipande, na vipande vinakwenda kuziba vijia vyembamba vya rejeta.

Kisha bolti. Kipimo cha kukaza bolti na nati za pampu ya 1NZ ni nyutoni-mita 11. Cha bolti za puli ni 15. Kwa spana ya urefu wa sentimita 15, nyutoni-mita 11 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo saba na nusu hivi. Ni kidogo mno kwa mkono uliozoea nati za magurudumu, na ndiyo maana bolti hizi hukatwa au kula hesi kwenye bloku mara kwa mara. Ukikosa spana ya kupimia, tumia fupi, shika karibu na kichwa, kaza kwa zamu ukivuka upande kwa upande, na uache mapema kuliko moyo unavyotaka. Bolti ya aina hii ikikatikia ndani ya aluminiamu, kazi ya asubuhi inageuka ya fundi mchongaji.

Kukaza mkanda ndiko kulikoiua pampu ya kwanza, kwa hiyo hapo tulitumia muda. Kwenye 1NZ unaupata mvuto kwa kuisogeza oltaneta nje kwa kipande cha mti, kisha unafunga bolti zake mbili. Kipande kirefu kinakupa nguvu nyingi bila kujua. Vitabu vya Toyota vinatofautisha mkanda mpya na uliotumika, na vinahesabu kuwa mpya ule uliozunguka chini ya dakika tano tu. Mpya unakazwa zaidi kwa sababu utatanuka kidogo na kukaa kwenye puli. Ukiuacha na mvuto wa mkanda wa zamani utateleza, na uliotumika ukiupa mvuto wa mpya utaumiza beringi. Tuliwasha injini, tukaizima baada ya muda huo, tukapima upya. Ukaguzi mwingine ulipangwa baada ya siku chache za kutembea.

Bado maji. Kulanti huku tunaiona kitu cha nchi za barafu, na kweli mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka nyuzi 37 hivi chini ya sifuri, sifa isiyotuhusu. Kinachotuhusu ni dawa za kuzuia kutu zilizomo, zinazolinda aluminiamu na mapanga ya pampu, na kiwango cha kuchemka kinachopanda. Nairobi maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko. Feni za magari mengi zinasubiri joto kama hilo ndipo zizunguke. Kama mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki presha, gari lenye maji matupu Nairobi linaweza kuchemsha kabla feni haijaamka. Mfuniko huo huo ukishindwa, viputo vya mvuke vinaanza kutokea upande pampu inakovuta maji, vinapasukia juu ya mapanga, na kuyachimba vitundu vidogo. Mfuniko mpya ni nafuu. Ulinunuliwa pamoja na themostati.

Mfumo ulisuuzwa kwa maji safi mpaka kutu ikaacha kutoka, ukajazwa kulanti ya waridi iliyokwisha kuchanganywa. Unachukua kama lita tano. Maji ya zamani yalikingwa kwenye beseni, hayakumwagwa uani: kama yana ethilini glikoli ni sumu, nayo ina ladha tamu inayovuta mbwa, kuku na watoto.

Kujaza ni polepole. Hita iliwekwa moto mwisho, ingawa jirani alicheka, kwa kuwa hita nayo ni rejeta ndogo, na hewa hupenda kujificha humo. Mipira ilikamuliwa kwa mkono huku injini ikinguruma, viputo vikatoka, maji yakashuka, tukaongeza. Themostati ilipofunguka mpira wa chini wa rejeta ukapata joto. Feni ikazunguka, ikakata, ikazunguka tena. Hapo ndipo mfuniko ulipofungwa.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yameshuka kidogo kwenye chupa ya akiba, jambo la kawaida hewa iliyobaki inapotoka. Yakishuka tena siku ya tatu na ya nne na hakuna mchirizi kwenye pampu, au viputo vikiendelea kupanda kwenye rejeta kila unapokanyaga mafuta, huenda gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi ya silinda hedi itakuwa imeungua tangu zile siku za kuchemsha Buguruni, na hiyo si kazi ya uani.