Bomba Jekundu Chini ya Boneti

Mpwa wangu alikuja nyumbani Al Amerat, Oman, Ijumaa moja baada ya sala, na salamu haikuwa imekwisha alipofungua boneti. "Mjomba, hebu isikilize," akaniambia, akarudi kwenye usukani kukanyaga eksileta. Injini ikanguruma kama ya gari la mashindano. Lile kasha jeusi la plastiki lililokuja na gari halikuwapo. Mahali pake palikuwa na bomba la alumini lililopakwa rangi nyekundu, na mwishoni mwake filta ya umbo la pia, wazi kabisa, shubiri moja tu nyuma ya rejeta. Nikaweka kiganja juu ya bomba, nikakiondoa upesi kwa jinsi lilivyounguza.

Kiganja kilinipa jibu kabla ya kipimo chochote. Lakini kijana aliyekwisha toa fedha zake anastahili kuonyeshwa hesabu, asiishie kupewa neno la mjomba.

Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hadi lita 4,500 za hewa kwa dakika, yaani lita 75 kila sekunde. Na petroli kilo moja huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Nimesema kilo, sikusema lita. Nguvu ya injini inatokana na uzito wa hewa iliyoingia, na hewa ya moto ni nyepesi. Kwa hiyo anayetaka kuongeza nguvu kwa njia ya filta ana mambo mawili tu ya kufanya: aipunguzie hewa vizuizi njiani, au aiingize ikiwa ya baridi zaidi.

Vizuizi vinapimika kwa fedha ndogo sana. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, kama ule wa kupulizia hewa tangi la samaki. Ukunje uwe kama herufi U, utie maji hadi nusu, ncha moja uiunge kwenye bomba baada ya filta, nyingine uiache wazi. Mpira uwe mrefu, maji yasije yakavutwa ndani ya injini. Mmoja anaendesha huku amekanyaga mpaka chini, mwingine anasoma maji yamepandaje. Maji ya pande mbili yakitofautiana kwa sentimita 10, filta na kasha lake vinakunyima karibu asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa. Zikiwa sentimita 20, ni asilimia 2. Hata ukingʼoa kila kitu ukaacha tundu tupu, injini ya farasi 100 itapata farasi wawili, nao utawapata ukikanyaga mpaka mwisho tu. Ukiendesha taratibu, kinachoizuia hewa ni kile kilango kinachofunguliwa na eksileta, na filta haina neno.

Hilo linaelezea matokeo ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani mwaka 2009. Walijaribu magari ya kisasa ya petroli yenye filta zilizozibwa kwa makusudi, wakakuta ulaji wa mafuta haukubadilika. Kilichopungua ni kasi ya kuchomoka unapokanyaga kwa nguvu. Basi anayeambiwa kwamba filta ya pia itampunguzia gharama ya petroli, anauziwa maneno.

Sasa joto. Hewa ikiwa na nyuzi 45, kila nyuzi 3 zinazoongezeka hupunguza uzito wake kwa karibu asilimia 1. Tuseme hewa ya nje ni 45 na iliyo nyuma ya rejeta ni 65: hapo umepoteza asilimia 6. Uliokoa mbili, ukatoa sita. Tena kompyuta ya injini ikihisi hewa ya moto huchelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, na hapo nguvu nyingine inakwenda.

Na hapa ni Al Amerat. Tumo ndani ya bakuli la milima ya mawe meusi yanayokunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Jirani zetu wa Quriyat, mwezi Juni 2018, walipitisha saa 24 ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Unapopanda akaba, ile barabara ya mlimani, kwenda Bausher nyuma ya gari linalojikokota, kiyoyozi kikiwa juu kabisa, feni ya rejeta inasukuma hewa yote ya moto moja kwa moja kwenye ile pia. Mlimani ndipo unapoitaka nguvu, na mlimani ndipo kifaa hiki kinapokunyima. Kwenye barabara ya wazi, kwa kasi, upepo huipoza sehemu ile na hasara hupungua, hilo nalikubali.

Wauzaji huonyesha michoro ya mashine ya kupimia nguvu. Uliza boneti lilikuwa wazi au limefungwa. Mara nyingi gari hupimwa boneti likiwa juu na feni kubwa mbele, na hakuna anayepanda akaba hivyo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kasha la kiwandani, lile linalotupwa, kwa kawaida lina mdomo unaochukua hewa mbele kabisa, karibu na grili, au ndani ya madigadi. Hewa ya baridi anayoinunua mtu kwa bomba jekundu alikuwa nayo tangu siku gari lilipotoka dukani.

Halafu kuna sensa. Magari mengi hupima hewa kwa waya mwembamba unaotiwa moto na umeme: hewa ikipita inaupoza, kompyuta inakadiria kiasi. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa bomba la upana maalumu. Ukitoka kwenye bomba la milimita 60 ukaenda la 70, eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 36. Hewa inapita polepole mbele ya waya, kompyuta inadhani ni kidogo, inapunguza petroli. Itajaribu kujisahihisha kwa sensa ya ekzosi, na ikishindwa inawasha taa ya injini, mara nyingi kwa namba P0171. Filta za pamba zinazopakwa mafuta, zikipakwa kupita kiasi, huuchafua waya wenyewe.

Vumbi letu nalo ni mchanga. Filta ya karatasi iliyokaa vizuri huzuia takriban vumbi lote. Ya bei rahisi yenye mpira usiobana hupitisha chembe zinazosaga ringi na kuta za silinda, na huo ni uharibifu usiosikika mpaka injini ianze kula oili.

Sikatai kazi inayofanywa kwa ukamilifu: filta iliyofungiwa ndani ya kasha, yenye njia yake ya hewa ya nje, kwenye injini ya turbo ambayo programu yake nayo imerekebishwa. Hapo kila kipande kina sababu yake. Kwa gari la kwendea kazini, filta mpya ya karatasi inatosha.

Mimi na mpwa wangu tuliunga kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari, tukapanda akaba jioni, yeye akiendesha, mimi nikimsomea joto la hewa inayoingia. Tulipofika juu alikuwa kimya. Kesho yake alileta kasha jeusi kutoka kwenye buti. Klipu moja ilikuwa imekatika, na kifuniko kiliacha mwanya wa unene wa kucha. Alitaka kukifunga hivyo hivyo. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu, vumbi litapita hapo," tukaenda kutafuta klipu.