Mwiko, Najisi na Dhahabu: Neno juu ya Makala Moja

Makala ya Bryceson, Jønsson na Sherrington, yaliyotolewa mwaka 2010, yahusu mauaji ya watu wenye ualbino katika nchi ya dhahabu kaskazini-magharibi ya Tanzania. Waandishi wayafungamanisha na wachimbaji watafutao bahati na kinga ya hatari za shimoni, na waganga wawapao dawa. Watazama kazi na biashara kwanza, wala si ukale wa kabila. Kwa hayo twawasifu.

Ila neno lao kuu, ambalo asili yake ni feitiço ya Wareno, latia katika gunia moja hirizi, tambiko, mwiko na uchawi. Kiswahili hupambanua zaidi. Katika kutakata, yaani kuwa safi, tumepata takatifu. Najisi tumeipokea kwa Waarabu. Na mwiko ni jambo lililokatazwa, hata likiwa jema. Usukumani zamani kuzaliwa kwa mapacha, waitwao mabasa, kulidhaniwa kuwa hatari kwa mvua na kwa nchi. Wazazi walifanyiwa ibada ya kuiondoa hatari hiyo, bila kuhukumiwa kama wakosaji. Wajapani nao wana kegare, unajisi ufuatao kifo, umpatao mfiwa asiye na hatia, nao huondolewa kwa maji au chumvi. Pande zote mbili kitu cha hatari hutengwa, kisha watu hurudishwa salama.

Katika mauaji haya twaona nini? Hakuna atengwaye wala atakaswaye. Kiungo cha mtu chatiwa bei. Basi mwalimu wa Shinyanga awaambiaye watoto kwamba hiyo ni mila ya Wasukuma ampa muuaji babu asiye wake. Na akisema zeruzeru mbele ya mtoto mwenye ualbino, amemtoa katika hesabu ya watu kabla mganga hajafika. (Neno hili twalisikia hata kwa watu wa dini, tena bila haya.)

Upungufu mwingine ni huu: miiko ya wachimbaji wenyewe yataka kuelezwa peke yake. Katika maduara, kama wayaitavyo mashimo yao, mwanamke aliye katika siku zake hukatazwa asikaribie, kwa kuwa dhahabu itatoweka. Huu ndio mwiko hasa: waweza kumnyima mwanamke riziki yake, nasi hatuusifu, lakini haumtaki auawe. Makala yaliyotenga mambo haya mawili yangalimfaa zaidi mwalimu wa Geita.